WhoSampled: nzuri sana kwa masikio, ila jamani msiigeuze mahakama

Kama ushawahi kusikiliza wimbo mpya ukasema "hii kitu mbona nishaiskia mahali" halafu ukashinda nayo kichwani mpaka usiku bila kupata jibu, basi WhoSampled ilitengenezwa kwa ajili yako. Ni websaiti, ina na aplikesheni ya simu, ilianzishwa London mwaka 2008 na jamaa anaitwa Nadav Poreh, na kazi yake kubwa ni moja, kukuonyesha wimbo gani umechukua nini kutoka wimbo gani. Naitumia sana na naipenda kwa dhati. Ila nimeamua kuiandikia rivyu ndefu kwa sababu naona watu wanaitumia ndivyo sivyo, mtu anachukua linki ya pale anaenda kumshushia msanii matusi eti mwizi, wakati ile linki yenyewe haijasema hivo hata kidogo.

Kwanza inavofanya kazi. Ukifungua ukurasa wa sampo, yaani kipande cha wimbo mmoja kilichotumika kwenye mwingine, unakuta video mbili, wimbo mpya na wimbo wa zamani, na kila mmoja umeandikiwa dakika na sekunde ambapo kile kipande kinatokea, kwa hiyo hauhangaiki kutafuta, unabonyeza tu inaanzia palepale. Unaskia kwanza huu, unaskia na ule, sikio linaamua lenyewe. Taarifa wanaleta watumiaji halafu kuna wasimamizi wanazipitia kabla hazijapandishwa, na hili linasaidia maana bila hivo pangekuwa gulio la kila mtu na kelele zake. Halafu kuna maandishi madogo ambayo wengi wanayaruka, yanakwambia kama hiyo ni sampo ya moja kwa moja au ni kipande kilichopigwa upya, na kilichochukuliwa ni nini hasa, ngoma, besi, sauti ya mtu, kiitikio au mchanganyiko.

Hayo maandishi madogo ndo roho ya hii huduma, aisee. Mtu akiyaelewa hayo ameelewa nusu ya ugomvi wote wa krediti, yaani nani anatajwa na kulipwa kama mwandishi, kwenye muziki wa pop.

Iko hivi. Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani melodi na maneno, hiyo ni ya watunzi na kampuni inayosimamia kazi zao. Halafu kuna masta, ile rekodi yenyewe iliyotoka studio, na mara nyingi hiyo inashikwa na lebo, kampuni inayotoa rekodi za msanii. Ukikata kipande cha rekodi ya mtu ukakiweka kwenye biti yako umegusa zote mbili, unatakiwa upige hodi milango miwili. Ukichukua melodi tu, ukamwita mpiga kinanda wako akaipiga upya na mwimbaji wako akaiimba upya, masta ya zamani hujaigusa, unabaki na mlango mmoja wa watunzi. Ndo maana maprodyuza wengi wakubwa siku hizi wanapenda kupiga upya, wanakwepa bei ya lebo. Lakini kwenye njia zote mbili mtunzi wa zamani ana haki ya kuingia kwenye orodha ya waandishi wa wimbo mpya, na hapo sasa ndo unakuta wimbo wa dakika nne una majina kama timu ya mpira.

Mfano mzuri ni "7 Rings" ya Ariana Grande ya 2019. Hakuna rekodi ya mtu iliyokatwa pale, ila melodi ya mistari yake inafuata "My Favorite Things" ya Rodgers na Hammerstein, wimbo wa 1959, na watunzi wenyewe walishafariki zamani. Kampuni inayoshika kazi zao iliomba asilimia 90 ya mirabaha (malipo ya kila wimbo unapotumika) ya utunzi na ikapewa. Tisini! Ariana na wenzake wote waliokaa studio wakagawana kumi iliyobaki, na wimbo bado ukawa namba moja. Mimi hapo sioni wizi wala sioni aliyeonewa, walijua wanachukua nini, waliomba kabla, walikubaliana. Ndivyo inavotakiwa iwe.

Sasa nenda kwenye "Bitter Sweet Symphony" ya The Verve, 1997. Huu ukurasa ndo nautumia nikitaka kumweleza mtu mambo ya sampo, maana kila kitu kiko humo. Zile vayolini za mwanzo kila mtu anazijua, hata asiyejua jina la wimbo. Zinatoka kwenye rekodi ya Andrew Oldham Orchestra ya katikati ya miaka ya 60, ambao walikuwa wanapiga kwa okestra wimbo wa Rolling Stones unaitwa "The Last Time". The Verve waliomba ruhusa ya rekodi, ila upande wa utunzi ulikuwa chini ya Allen Klein, aliyewahi kuwa meneja wa Rolling Stones, na kampuni yake ABKCO, wakasema mmetumia zaidi ya tulivokubaliana, na mwisho wa yote mirabaha ya utunzi ikaelekea upande wa Mick Jagger na Keith Richards wa Rolling Stones. Richard Ashcroft aliandika maneno yote ya ule wimbo, aliuimba yeye, na kwa zaidi ya miaka 20 hela ya utunzi haikuwa yake mpaka 2019 Jagger na Richards walipokubali kumwachia.

Watu wengi hadithi wanaiishia hapo. Ila kaa uisikilize "The Last Time" yenyewe ya Rolling Stones ya 1965. Nenda kaisikilize kweli. Ina gitaa linazunguka zunguka, ina sauti ya Jagger, na zile vayolini HAZIMO. Kabisa. Zile vayolini alizipanga mtu anaitwa David Whitaker, mpangaji muziki wa okestra, na yeye kwenye krediti za utunzi hayupo. Yaani kile kipande ambacho dunia nzima inakiimba kwa mdomo kilitoka kwa mtu ambaye kisheria hakuandika chochote, kwa sababu aliajiriwa kupanga wimbo wa wengine. Halafu rudi nyuma tena hatua moja, kabla ya Rolling Stones kulikuwa na Staple Singers, familia ya waimbaji wa injili Marekani, wao walirekodi "This May Be the Last Time" miaka ya 50, na kiitikio ukikiskia unajua kabisa Stones walitokea wapi. Kwa hiyo waliodai utunzi kutoka kwa The Verve nao walikuwa wamebeba kitu kutoka kwenye wimbo wa kanisani. Hiyo safari ya kurudi nyuma wimbo kwa wimbo hakuna kitabu kitakupa utamu wake kama unavoipata ukiwa umekaa unabonyeza na kusikiliza.

Hapo ndo naipa WhoSampled heshima yake yote.

Sasa mapungufu. Kubwa la kwanza ni kwamba inakuonyesha nini kilichukuliwa ila haikwambii nani anapata asilimia ngapi na makubaliano yalikuwaje. Ukienda kwenye orodha ya krediti za wimbo ni kinyume chake, mara nyingi unaona majina ya waandishi lakini hauambiwi kwa nini wapo pale. Kwa hiyo mtu anayetaka kuelewa wimbo inabidi akae na vyote viwili wazi, huku sauti huku majina, aunganishe mwenyewe. Inachosha ila ndo hali ilivyo.

Na kuna majina ambayo huwezi kuyaelewa kwa kutafuta sampo, kwa sababu sampo haipo. "Uptown Funk" ya Mark Ronson na Bruno Mars ilitoka 2014 ikiwa na waandishi sita, wawili kati yao wakiwa wameingia kwa ajili ya "All Gold Everything" ya Trinidad James. Mwaka 2015 wakaongezwa watu watano wa wimbo wa The Gap Band wa 1979, "Oops Up Side Your Head", wakapewa asilimia 17 kwa pamoja, wakafika kumi na moja. Hakuna rekodi ya Gap Band iliyokatwa mule. Ni ile namna ya kuimba kiitikio na mapigo yake. Sa kwa nini walikubali haraka hivo bila kwenda mahakamani?

Angalia kilichotokea Machi mwaka huohuo. Baraza la wazee wa mahakama Los Angeles liliamua kwamba "Blurred Lines" ya Robin Thicke na Pharrell Williams ilinakili "Got to Give It Up" ya Marvin Gaye ya 1977. Fidia karibu dola milioni 7.4, baadaye ikashushwa mpaka kama milioni 5.3, na familia ya Gaye ikapewa nusu ya mirabaha ya utunzi inayokuja. Ile kesi nimeisoma sana na bado inaniuma, sikufichi. Mule hamna sampo, melodi zikiwekwa kwenye karatasi hazilingani, hata mpangilio wa kodi (chords, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja) haulingani, kinachofanana ni vaibu, yaani zile kelele za pati nyuma, ile kengele, besi inavotembea. Na wazee wa mahakama hawakuruhusiwa hata kuzingatia rekodi ya Gaye, kisheria kilicholindwa kwa wimbo wa kipindi kile ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya nota iliyosajiliwa. Kesi ikaenda rufaa, 2018 wakashindwa tena kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na yule mmoja alipinga vikali akisema hii ni kumpa mtu umiliki wa staili ya muziki. Nipo naye.

Baada ya hapo woga ukaingia studio. Timu za wasanii wakubwa zikaanza kuajiri wataalamu wa kulinganisha melodi wasikilize wimbo kabla haujatoka, na wengine wakawa wanatoa krediti mapema ili walale usingizi. Ukiona orodha ndefu ya waandishi kwenye nyimbo za kuanzia kipindi kile usidhani wote walikaa chumba kimoja wakaandika, baadhi ya majina ni bima tu.

Mwone Olivia Rodrigo mwaka 2021. "Good 4 U" ilitoka na waandishi wawili, watu mitandaoni wakaanza kuichanganya na "Misery Business" ya Paramore ya 2007, na baada ya miezi kadhaa Hayley Williams na Josh Farro walioandika wimbo huo wa Paramore wakaongezwa kwenye krediti. "Deja Vu" nayo wakaongezwa Taylor Swift, Jack Antonoff na St. Vincent kwa sababu ya "Cruel Summer" ya Swift, hasa ile sehemu ya katikati wanavopaza sauti. Mimi nikizisikiliza naskia binti ambaye amekulia kwenye hizo nyimbo, na ndivyo kila mwandishi anavotokea, hakuna anayeanza bila kitu kichwani. Ila sheria haina huruma hapo, maana tangu 1976 George Harrison alipohukumiwa kwa "My Sweet Lord" kufanana na "He's So Fine", mahakama ilishasema hata kunakili bila kujua, kitu kimekaa tu kichwani kikatoka, bado ni kunakili.

Kwa hiyo unapoandika "KAIBA HUYU" chini ya klipu ya sekunde kumi fikiria kwanza, maneno ya mashabiki yamefika mahali yanabadilisha nani analipwa.

Upepo umegeuka kidogo lakini, na hili nalifurahia wazi. Katy Perry alikutwa na hatia 2019 kwa "Dark Horse", dola milioni 2.8 kwa pamoja na wenzake, kisa mlio mfupi wa sinthesaiza unaojirudia rudia, 2020 jaji akaufuta ule uamuzi na 2022 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye, kwamba vile vijenzi vidogo ni vya kila mtu. Ed Sheeran alishinda London 2022 kwenye kesi ya "Shape of You" (ambayo tayari ilikuwa na waandishi wa "No Scrubs" ya TLC kwenye krediti zake, na hiyo ilikuwa haki yao), akashinda tena New York 2023 kwenye "Thinking Out Loud" iliyodaiwa kufanana na "Let's Get It On" ya Marvin Gaye. Kodi nne zinazofuatana namna ile zipo kwenye nyimbo chungu nzima, ukimpa mtu mmoja umiliki umefunga duka. Sheeran mwenyewe alisema siku hizi anarekodi video za vikao vyake vya uandishi ili awe na ushahidi. Hebu waza, mtu anatunga wimbo wa mapenzi huku kamera inamtazama kwa ajili ya wakili.

Na si lazima yafike huko. Sam Smith na Tom Petty walimalizana kimyakimya, "Stay With Me" kiitikio chake kinapita mulemule kwenye "I Won't Back Down" ya 1989, upande wa Sam walisema hawakuujua ule wimbo vizuri, Petty na mtunzi mwenzake Jeff Lynne wakapata asilimia 12.5 kila mmoja na Petty akatoka hadharani kusema hana kinyongo, haya mambo hutokea. Kwenye Grammy za 2015 ule wimbo uliposhinda wimbo bora wa mwaka, Petty na Lynne hawakuhesabiwa kama washindi kwa sababu hawakuandika kitu kipya. Nafikiri huo ndo uungwana, hela imegawanywa na heshima ya kazi imebaki kwa waliokaa wakaifanya.

Narudi kwenye WhoSampled na kilio changu kikubwa, wapiga ala.

Fungua ukurasa wa "Amen, Brother" ya The Winstons, wimbo wa 1969. Kuna sehemu katikati vyombo vyote vinanyamaza anabaki mpiga ngoma peke yake, sekunde sita saba tu, na hizo sekunde ziko kwenye maelfu ya nyimbo, hip hop za zamani, jungle na drum and bass (muziki wa dansi wa kielektroniki) karibu yote, mpaka matangazo. Ukiisikiliza taratibu unaskia ile ngoma ndogo inavochelewa kidogo kwenye mzunguko wa tatu na wa nne, na tasa linapigwa ghafla karibu na mwisho, ni mkono wa mtu ule, sio mashine. Mtu mwenyewe anaitwa Gregory Coleman. Alifariki 2006 akiwa hana makazi na hakupata kitu kwenye matumizi yote yale. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, naye miaka yote hakulipwa mpaka 2015 madijei wa Uingereza walipomchangia kama pauni elfu 24, na ule ulikuwa mchango wa hiari, mirabaha haikuwa. Clyde Stubblefield aliyepiga ngoma kwenye "Funky Drummer" ya James Brown hadithi yake ni ileile, alikuwa mwajiriwa, krediti ya utunzi hana, na mapigo yake yako kila kona.

Tatizo ni kwamba sheria inalinda melodi na maneno, mapigo ya ngoma inayaona kama upambaji. Mwimbaji naye anaweza kuachwa. Kelis 2022 alilalamika Beyoncé alipotumia kipande cha "Milkshake" kwenye "Energy", na waandishi waliotajwa kwenye krediti walikuwa Pharrell na Chad Hugo maana kisheria utunzi ni wao, Kelis ambaye dunia nzima ikiskia ule wimbo inamwona yeye hakuulizwa. Baadaye kile kipande kikaondolewa.

Sasa hapa ndo naona WhoSampled wangeweza kufanya jambo ambalo mahakama haiwezi. Ukurasa wa sampo unatanguliza msanii na wimbo, "The Winstons". Kama kilichochukuliwa ni ngoma tupu, weka jina la mpiga ngoma juu kabisa kwa maandishi makubwa. Kama ni besi, mweke wa besi. Haimletei hela, najua, ila maprodyuza wangapi wametumia ule mkono bila kujua ni wa nani? Wana taarifa, wana watumiaji wenye bidii ya ajabu, hakuna wa kuwazuia.

Kwa prodyuza chipukizi anayesoma hapa, kitu cha vitendo. Kutokukuta sampo yako kwenye WhoSampled sio ruhusa, ni kwamba hakuna aliyeiandikisha bado, na ukishafanikiwa wataiandikisha usiku huohuo. Usiamini pia ile stori ya "chini ya sekunde kadhaa ni bure", haipo. Marekani kwenyewe mahakama mbili za rufaa hazielewani, moja 2005 ilisema chukua leseni au usisampo kabisa, nyingine 2016 kwenye kesi ya "Vogue" ya Madonna ikasema mlio wa tarumbeta wa robo sekunde ni kitu kidogo mno kuhesabika. Ujerumani kundi la muziki wa kielektroniki la Kraftwerk waligombana na prodyuza kwa zaidi ya miaka 20 juu ya sekunde mbili za mapigo. Kundi la hip hop la De La Soul, albamu zao za mwanzo zilikaa nje ya majukwaa ya kustirimu mpaka Machi 2023, na sampo ambazo mikataba yake haikuwahi kufikiria intaneti zilikuwa sababu kubwa. Omba kabla wimbo haujatoka, milango yote miwili, kwa maandishi, maana ukishahit yule wa upande wa pili ndo anapanga bei.

Nyota nne kati ya tano. Kwa usikilizaji ningeipa tano bila kufikiri, ya tano nimeinyima kwa sababu ya wapiga ala kutotajwa na kwa sababu ingeweza kuweka mstari mmoja tu juu ya kila ukurasa unaosema kilichoonyeshwa hapa ni asili ya sauti, sio hukumu. Kusikiliza kwenye websaiti hulipi chochote. Anza na "Amen, Brother", bonyeza wimbo wowote wa kwanza kwenye orodha, halafu nao bonyeza kilichomo ndani yake, na ukipata mpiga ngoma au besi ambaye jina lake halijaandikwa popote lakini unalijua, liandike hapo chini na wimbo wenyewe, nakusanya orodha.